Siku Ishirini na Nane za Ulamila

Ulamila hajasomea uuguzi. Hajasomea chochote, mwenyewe atakwambia. Aliacha shule mapema, akaanza kuuza muhogo na samaki wa tui stendi ya mabasi ya Suva, na mpaka leo yupo palepale, meza ileile, mwavuli umechanika upande mmoja. Lakini pita mtaa wa Vunidilo, mkute kijana yeyote wa timu ya raga, mwambie tu, "Ulamila anakuja." Utaona mtu anakaa sawa. Anafuta mdomo. Anaanza kukumbuka amekosa nini.

Si kwamba anapiga. Anapiga, lakini si sana. Tatizo ni ule mdomo, na ile sauti. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa, kwa hiyo anaongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, hata akikupa siri.

Timu ya mtaa ilipoalikwa Honiara, kule Visiwa vya Solomon, kwenye mashindano ya wachezaji saba saba, Vunidilo ilichanganyikiwa. Watu wakawa wanabishana asubuhi mpaka jioni nani aanze na nani akae benchi. Ulamila hakubishana na mtu. Ijumaa mchana, siku ya mauzo yenyewe, alifunika masufuria, akafunga meza, akaenda zahanati. Akarudi na mfuko wa vidonge.

"Nini hivyo?" Inoke, kocha wa timu, akamuuliza.

"Doksi. Vya kuzuia malaria. Tunaanza kumeza siku mbili kabla ya kuondoka, tunameza kila siku tukiwa kule, na tukirudi tunameza siku ishirini na nane."

"Tunameza? Kwani na wewe unaenda?"

"Jezi zenu atafua nani, mama yako?"

Vijana wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Peceli. Huyu Peceli ni mtoto wa kaka yake Ulamila, amemlea mwenyewe tangu kaka yake alipofariki, miaka ishirini na moja sasa kijana anayo, na mbio alizonazo ukimfukuza utarudi na vumbi tu. Klabu moja ya Ufaransa ilikuwa imemwona kwenye video. Wakampa tarehe: mwezi mmoja baada ya Honiara, apande ndege, aende wakamjaribu. Mtaa mzima ulishaihesabu ile safari kama yao.

"Shangazi," Peceli akasema, "tunaenda siku tisa tu. Mbu wa siku tisa atanifanya nini mimi?"

"Mbu anahitaji dakika moja, mpumbavu wewe."

Na hapo ndipo watu wa Fiji tunapojidanganya. Mbu tunao, tena wengi. Wanatupa dengi, wanatuvimbisha miguu, lakini malaria hapa kwetu hakuna. Mtu wetu akiona mbu anaona kero, haoni jeneza. Ulamila anaona jeneza. Miaka kumi na minne iliyopita alikwenda Honiara na kwaya ya kina mama wa kanisa. Vidonge alimeza kule vizuri tu. Aliporudi akameza wiki moja, akajiona mzima, akasema ya nini tena, akaviacha. Wiki ya tatu akaanguka palepale stendi, kichwa kwenye beseni la samaki. Alikaa siku sita hajui jina lake. Alipolijua, sikio la kushoto lilikuwa limeshaondoka.

Basi Honiara wakaenda. Walilala kwenye ukumbi wa kanisa, mikeka chini, vyandarua juu. Ulamila siku ya kwanza alifanya kosa la kumgawia kila mtu vidonge vyake mkononi. Kosa kweli, kwa sababu anawajua watu wake. Mtu wa kwetu hawezi kushika kitu peke yake. Akikaa kula, mlango uko wazi na anampigia kelele anayepita njiani: njoo ule! Akiombwa, anatoa. Akinyima, jina lake limeoza mpaka kwa wajukuu. Sasa mtu kama huyo unampa vidonge thelathini na saba akae navyo?

Siku ya pili tu, dereva wa wenyeji akaona vidonge, akasema ana mtoto mdogo anasumbuliwa na homa. Etonia, mchezaji wa mbele, jitu lenye shingo kama gogo na moyo kama mkate, akampa vinne. Akajisikia vizuri. Akaja kumsimulia Ulamila.

"Umempa nini?"

"Vinne tu, shangazi. Mtoto anaumwa."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Miwili."

Ukumbi wote ukatetemeka. "Hiyo si dawa ya mtoto! Itamharibia meno! Na mtoto anayeumwa anapelekwa hospitali, hapewi vidonge vya kuzuia! Wewe nani kakufanya daktari, hilo shingo?" Akamburuta Etonia, jitu lote lile, mpaka nyumbani kwa dereva. Wakavirudisha vile vinne, wakawapeleka mama na mtoto zahanati, Etonia ndiye aliyembeba mtoto njia nzima.

Jioni ile Ulamila akakusanya vidonge vya watu wote. Akavitia kwenye kimfuko cha kitambaa, kimfuko akakitia kifuani, ndani ya sidiria. "Sasa anayetaka kuombwa aombwe," akasema. "Na anayetaka kuomba aje aombe huku."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Walipomaliza kula, aliwakalisha kwenye duara, miguu wamekunja, kama wanavyokaa kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi. Akaleta ndoo ya maji safi na kifuu cha nazi. Akaanza na kocha. Kidonge kwenye kiganja. "Piga kofi." Kocha akapiga kofi moja, lile la viganja vilivyopinda, linalotoa mlio mzito. Akatia kidonge mdomoni, akapewa kifuu kimejaa, akakinywa chote bila kupumua. Duara zima likapiga makofi matatu.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, anayefuata."

"Lakini shangazi, hii si kava," Peceli akasema.

"Kava ilishakuzuia malaria lini? Piga kofi."

Akili hiyo, hebu fikiria. Kijana wa kwetu atakimbia dawa, atamdanganya daktari, atamdanganya na mchungaji. Lakini kukaa kwenye duara, kifuu kimefika mbele yako, watu wote wanakuangalia, halafu ukatae? Hayupo. Hajazaliwa. Usiku nane, watu kumi na wanne, hakuna aliyeruka hata kidonge kimoja. Na wakimaliza hakuna kulala nusu saa, kwa sababu kile kidonge ukikilalia kinakwama njiani na kuchoma kifua. Sakiusa, mchezaji wa akiba, alijilaza kisirisiri siku ya nne. Akaamka anashika kifua anaita Yesu. Baada ya hapo nusu saa ikawa ya kusimuliana vituko, na wengine wanasema zile nusu saa ndizo zilizowafanya wacheze kama ndugu. Walishika nafasi ya pili. Peceli alifunga mara saba.

Wakarudi Suva. Mashada ya maua shingoni, nyimbo, machozi. Na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, kwa sababu duara lilivunjika. Kila mtu kwao. Kila mtu mzima wa afya. Nani ameze dawa siku ishirini na nane akiwa nyumbani kwa mama yake?

Ulamila akawa duara yeye mwenyewe. Jioni akifunga meza, anabeba sufuria ya muhogo uliobaki, kimfuko kifuani, anapanda kilima cha Vunidilo nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na mbili. Magoti yake hayapendi ngazi, na Vunidilo ni ngazi tupu. Anafika, anabwaga sufuria, anapakua kwanza, maana kidonge hakitaki tumbo tupu.

"Shangazi, mimi mzima."

"Mzima ndiye anayemeza. Mgonjwa anachomwa sindano. Kula."

Etonia alimwambia siku moja amechoka kuonekana mtoto mbele ya mke wake. Ulamila akamgeukia mke. "Binti, umechoka kuwa na mume?" Mke akasema hapana. "Basi mshike pua." Mke akamshika pua kweli. Mpaka leo wanamtania.

Siku ya kumi Peceli akaja na begi. Mjomba wake, kaka wa mama yake, amefariki kule Kadavu, na lazima aende. Meli inaondoka mchana. Atakaa mpaka siku kumi za msiba zipite.

Ulamila akapeleka mkono kifuani, kwenye kimfuko. Kumzuia mtu kwenda msiba wa mjomba wake haiwezekani. Kumpa vidonge ni kuvitoa kwenye mkono wake. Mwisho akahesabu kumi na nane, akavifunga kwenye karatasi, akavitia chini kabisa ya begi mwenyewe.

"Hivi si vya mtu. Umesikia? Usimpe mtu."

"Nimpe nani, shangazi? Watu wako msibani."

Akaenda. Akarudi siku ya ishirini, amekonda kidogo, ana mikeka ya kwao begani.

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Vimebaki?"

"Vimebaki, vinatosha."

Ulamila hakufungua begi. Kwa nini hakufungua? Mtu ambaye alikuwa anainua ndimi za wanaume wazima! Mwenyewe anasema furaha ndiyo iliyompofusha. Viza ya Peceli ilikuwa imetoka siku hiyo, kina mama wanashona, mtaa unachanga nguo za baridi, na yeye alikuwa anatafuta koti la kumtosha yule kijana mabega. Akamwamini. Kosa lake, na hajawahi kumsukumia mtu mwingine.

Siku ya ishirini na sita Peceli alikaa chini katikati ya mazoezi. Kichwa, mgongo, joto. Zilikuwa zimebaki siku nne apande ndege. Zahanati wakamtazama, na msimu wenyewe wa dengi, nusu ya foleni ina dengi. Wakasema dengi. Pumzika, kunywa maji, meza za kutuliza homa. Kesho yake asubuhi homa ikashuka, Peceli akaamka, akala mkate na chai, akacheka.

"Nimepona, shangazi. Ndege sikosi."

Ulamila akashukuru Mungu, akaenda stendi. Saa sita mchana jirani akamfuata mbio. Aliporudi alimkuta Peceli kwenye mkeka, jua kali, bati linawaka, na kijana ana mablanketi matatu na meno yanagongana mpaka yanasikika uani. Ulamila aliyasikia kwa lile sikio moja.

Hakuuliza kichwa. Hakuuliza mgongo. Alivuta begi, akalimwaga lote chini.

"Viko wapi?"

Peceli akavuta blanketi usoni.

"Nakuuliza viko wapi!"

"Alichukua Waisale."

"Waisale nani?"

"Mtani."

Na hapo hadithi ikatoka, maneno mawili, tetemeko, maneno mawili. Msibani watani wa ukoo walikuja, kama wanavyokuja siku zote, kuwachekesha wafiwa na kuwapora. Mtani akija msibani anachukua anachotaka, kuku, sufuria, shati ulilovaa, na wewe unacheka. Ukikasirika umewaaibisha wafu wako. Waisale, mtani wao, alikuwa ameshapata kazi ya ujenzi Honiara, meli inaondoka Jumatatu. Alipekua begi, akakuta karatasi. Akapiga kelele watu wote wasikie, "Mtani wangu amenitunzia dawa ya safari!" Kijiji kizima kikacheka. Peceli akacheka. Angefanya nini? Na kitu alichochukua mtani hakidaiwi wala hakilalamikiwi nyuma, kwa hiyo aliporudi alinyamaza.

"Kumi na saba," akasema. "Nilikuwa nimemeza kimoja tu, kwenye meli."

Ulamila hakumtukana, na hapo Peceli akaogopa kweli. Alimwinua, akamtia kwenye gari la jirani na mablanketi yake, wakaenda hospitali kubwa, siyo zahanati tena.

Mapokezi wakamwambia apange foleni. Akapanga, dakika tano. Kisha akaenda kusimama mlango wa maabara, katikati, mikono kiunoni. Mwanamke mpana yule, hapiti mtu.

"Mama, tafadhali toka mlangoni," daktari kijana akamwambia. "Kijana ana dengi, imeandikwa hapa."

"Imeandikwa na nani? Mimi nataka damu yake iangaliwe malaria."

"Mama, Fiji hakuna malaria."

"Fiji hakuna! Nani kasema Fiji? Huyu ametoka Honiara hata mwezi haujaisha, na vidonge aliacha siku ya kumi na moja! Kuna mtu amemuuliza alikuwa wapi? Mmemuuliza? Angalia hiyo karatasi yako, imeandikwa Honiara mahali popote?"

Daktari akaangalia karatasi. Haikuandikwa.

"Mimi nilikuwa na malaria hapahapa Suva wakati wewe uko shule," Ulamila akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, ikawa kama ya mtu mwingine. "Nilipotezewa siku sita wakinitafutia vingine. Toa tone moja, mwanangu. Ukikosa kitu nitakupikia samaki mwaka mzima."

Daktari akatoa damu mwenyewe. Haikuchukua hata saa nzima. Alirudi anatembea haraka, na alipomwona Ulamila aliitikia kwa kichwa tu, kitanda kilikuwa kinasukumwa tayari. Dripu, dawa, wauguzi wawili. Baadaye alimfuata pale kwenye benchi.

"Angepanda ile ndege," akasema, "angefika hajitambui."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nimekwambia. Wewe husikii kama mimi?"

Siku ya ndege Peceli alikuwa kitandani, homa imekwisha, mikono myembamba juu ya shuka. Saa ilipofika aligeukia ukuta, akalia. Klabu walikuwa wameandika kwamba wanampa pole na wataangalia msimu ujao, na mtu yeyote wa mpira anajua maana ya msimu ujao. Ulamila hakumwambia Mungu ana mipango. Hakumwambia usilie.

"Lia," akamwambia. "Ukimaliza kuna supu ya samaki."

Alilia mpaka supu ikapoa. Akainywa hivyohivyo. Kisha akasema, "Shangazi, yule Waisale naye ana kumi na saba tu. Kazi yake ni miezi sita."

Ulamila akaweka kijiko chini.

Kuna jambo alikuwa hajamwambia mtu Vunidilo, hata Peceli. Ile mara yake ya kwanza, vidonge alivyoviacha hakuvitupa. Kwaya ya pili ilikuwa inaondoka, na Arieta, mwimbaji mwenzake, rafiki yake wa kusukana nywele, alikuja kuomba. Akampa ishirini na moja, akafurahi kumpa. Arieta aliona ana dawa, hakutafuta nyingine. Alikaa kule miezi miwili. Amezikwa hukohuko, Ulamila hajaliona hata kaburi, maana zile siku tisa za mashindano alishindwa kwenda.

Alimsimulia Peceli hayo yote bila kupaza sauti. Halafu akachukua simu ya kijana, akatafuta namba, akaiweka kwenye sikio la kulia.

"Mtani!" Waisale akapokea anacheka, nyuma yake nyundo zinagonga. "Umepiga kulia dawa zako? Zilikuwa tamu!"

"Si Peceli. Ni shangazi yake, mwizi mkubwa wewe, uso kama nyuma ya sufuria."

"Ah, mtani bibi! Shikamoo! Bado hujafa?"

"Nitakufa nikishakuzika. Vimebaki vingapi?"

"Viliisha zamani. Tuko wanne chumbani, tuligawana."

"Peceli yuko hospitali. Malaria. Ndege imemwacha."

Nyundo zikaendelea kugonga. Waisale hakuendelea kucheka.

"Ulichukua cha kwetu mbele ya maiti," Ulamila akasema, "na hatukusema kitu, ndiyo utaratibu. Sasa mimi mtani wako nachukua cha kwako, na wewe utacheka. Nachukua asubuhi yako ya kesho. Hamwendi kazini kabla ya zahanati, wote wanne, kila mtu apewe vyake. Na nachukua saa moja yako ya jioni, kila siku, miezi sita na siku ishirini na nane. Utanipigia kwa picha, nikuone unameza. Unaninyima?"

Mtani hanyimi.

"Sinyimi," Waisale akasema.

Kesho yake, saa moja ya Honiara, Ulamila alikuwa stendi anakunja mwavuli. Simu ikalia. Kwenye kioo nyuso nne zimebanana, vumbi la saruji kwenye nyusi, kila mmoja na kidonge kwenye kiganja kama watoto wa ubatizo.

"Tunavyo, mtani! Tumeze?"

"Mmekula?"

Wakaangaliana.

"Bado."

"Kuleni kwanza," akasema, akaegemeza simu kwenye sufuria, akavuta kiti. "Nasubiri."